Tenki la Pili la Nini, na Nyandira Ipo Hapo?

Kaa kwenye kijiwe chochote cha madereva pale Msamvu, au ingia gereji yoyote ya magari ya fowili mjini Morogoro, utasikia hukumu moja inayotolewa kana kwamba imeshushwa na vitabu: gari la milimani lisilo na tenki mbili ni gari la harusi. Mwenye Prado aliyeitoa bandarini juzi ameshaambiwa atafute tenki la ziada kabla hata hajabadilisha tairi. Mratibu wa mradi anayeagiza Land Cruiser kwa fedha za wafadhili anaandika "matangi mawili" kwenye karatasi ya mahitaji, ilhali vijiji vyote vya mradi wake viko Mgeta na Matombo. Fundi wa kuchomelea naye hana sababu ya kumkatalia mtu. Mteja kataka, bati lipo, gesi ipo.

Mimi nasema tenki hilo, kwa magari mengi yanayopanda Uluguru, ni pesa iliyotupwa, na afadhali ingekuwa pesa tu. Linaharibu gari katika mambo yale yale ambayo mlima unayadai.

Tuanze na hesabu, maana wanaolisifu tenki la pili huwa hawaifanyi. Chukua Land Cruiser Hardtop, lile ambalo mtaani tunaliita mkonga, lenye injini ya 1HZ: dizeli, lita 4.2, silinda sita, bila tabo. Tenki lake moja huingia lita 90. Kwenye lami dereva mtulivu hupata kilomita nane hivi kwa lita moja. Mlimani, kwenye gia ya kwanza na ya pili, tope juu na mzigo nyuma, inashuka sana. Sitaki kubishania pointi ndogo, kwa hiyo nampa mpinzani wangu zaidi ya anachoomba: tuseme linakwenda kilomita nne tu kwa lita. Lita 90 zinakupa kilomita 360.

Sasa pima. Kutoka Morogoro mjini, ukunje Sangasanga, upande Langali mpaka Nyandira, hufikishi kilomita 60. Kwenda na kurudi, kwa ulaji huo wa kutisha, ni lita 30. Umebakiwa na theluthi mbili za tenki la kwanza na umeshaegesha nyumbani. Kinole kupitia Mkuyuni ni safari ya kwenda asubuhi na kurudi kabla ya chakula cha mchana kama mvua haikunyesha. Hata Kisaki, ambayo watu huitaja kama mwisho wa dunia, iko kama kilomita 140 kutoka mjini. Nenda, rudi: kilomita 280, lita 70. Zimebaki 20, na hapo nimekuhesabia ulaji wa mlima hata kule Mvuha ambako barabara imeshateremka tambarare. Prado ina tenki la lita 87, Hilux lita 80. Hesabu haibadiliki sana.

Na kuna kichekesho kimoja. Hardtop refu, lile la 78, huweza kuja na matangi mawili ya lita 90 kutoka kiwandani. Lita 180 jumla. Wako wenye gari hilo hilo wanaokwenda kwa fundi kutafuta tenki la tatu.

Basi wazo hili limetoka wapi, kama barabara zetu hazilidai? Limetoka jangwani. Biashara ya matangi makubwa ya magari ya porini imekomaa zaidi Australia, na huko ina haki yake. Njia yao ya Canning, iliyofunguliwa zamani kwa ajili ya kuswaga ng'ombe, ina urefu wa kilomita kama 1,850, na mtu huenda mamia ya kilomita za matuta ya mchanga bila kuona pampu. Mchanga unakula mafuta kuliko mlima. Hakuna kijiji, hakuna duka, hakuna bodaboda anayeuza petroli kwenye chupa ya maji. Mtu wa huko akikuambia gari bila tenki la ziada ni jeneza, msikilize. Picha zake zimefika kwenye simu zetu, pamoja na taa za paa na winchi na mahema ya juu ya keria, na sisi tumechukua vyote kama sare. Hatukuuliza vimeshonwa kwa hali ya hewa ya wapi.

Uluguru si jangwa. Mji wa Morogoro uko kwenye mita 500 hivi kutoka usawa wa bahari. Kilele cha Kimhandu kinapita mita 2,600. Kati ya hapo na pale mmepangwa watu, mashamba, makanisa, shule na misikiti, kijiji juu ya kijiji. Miteremko ya mashariki, inayotazama bahari, hupata mvua karibu mwaka mzima, na sehemu nyingi zinapita milimita 2,000 kwa mwaka. Udongo wake ni mwekundu, mfinyanzi, na ukilowa unateleza kama sabuni. Mtu yeyote aliyeendesha huku kwa misimu michache atakutajia vinavyolikwamisha gari: tope, kona iliyomegwa na mvua, mto uliojaa ghafla, breki zilizochemka wakati wa kuteremka, tairi lililochanwa na jiwe. Katika orodha yake yote hutakuta kiu ya dizeli. Yule aliyeishiwa mafuta njia ya Mgeta, nenda kamuulize vizuri, utakuta aliondoka mjini geji ikiwa imelala chini.

Sasa uzito. Dizeli lita 90 ina kilo kama 75. Ongeza bati la chuma la milimita tatu, vyuma vya kulishikilia, bolti, mabomba na pampu ya kuhamishia mafuta: umeshapita kilo 100. Hilo ni gunia moja la viazi vya Nyandira, lakini gunia utalishusha sokoni na gari litapumua, tenki hulishushi. Linapanda nawe na kushuka nawe kila siku, likiwa limejaa au nusu.

Na mahali linapokaa pana neno kubwa kuliko uzito wenyewe. Mafundi wetu wengi hulining'iniza nyuma kabisa, nyuma ya ekseli, kwa kuwa ndipo penye nafasi. Mara nyingi ni pale lilipokuwa tairi la akiba, ambalo sasa linapandishwa kwenye keria au mlangoni. Hardtop refu lina karibu mita tatu kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Weka kilo 100 mita moja na robo nyuma ya ekseli ya nyuma, na magurudumu ya mbele yanapungukiwa zaidi ya kilo 40, wakati ekseli ya nyuma inabeba zaidi ya 140. Kilo hizo za mbele ndizo zinazoshika njia unapopanda kona ya Langali kwenye tope. Ukikata usukani gari linaendelea kwenda mbele, kwa kuwa tairi za mbele hazina kinachozikandamiza chini. Dereva anasema barabara mbaya. Barabara ni mbaya kweli, ila yeye ameilipa gereji pesa iisaidie kuwa mbaya zaidi.

Kuna na mkia. Tenki la nyuma likishuka chini ya bampa, gari likitoka mtoni au likishuka kwenye ngazi ya mawe, kinachogusa jiwe kwanza ni tenki. Wenye kiwanda waliweka tenki lao juu, kati ya mbavu za chesesi, wakapima springi na breki kwa mzigo huo. Fundi wa kichochoroni anapima kwa futi kamba na jicho.

Halafu mafuta hayakai kimya. Tenki likiwa nusu, dizeli inakimbilia upande unaoinamia. Kwenye njia iliyolala kuelekea korongoni, mzigo wako unahamia korongoni wakati ule ule ambao ungependa ubaki mlimani. Matangi ya maana yana vikuta vya ndani vya kuyazuia mafuta yasikimbie. Ya kuchomelea hapa mjini, muulize fundi kama ameviweka. Wengine hukujibu kwa kicheko.

Nimesikia mara nyingi jibu kwamba dizeli haina hatari, haishiki moto ovyo. Kwa kiasi ni kweli. Mvuke wa petroli huwaka hata kwenye baridi kali chini ya sifuri, na dizeli mpaka ipashwe moto zaidi ya nyuzi 50 hivi ndipo itoe mvuke wa kushika. Lakini angalia magari yaliyo barabarani: Prado nyingi zinazoingia kutoka Japani ni za petroli, Escudo ni za petroli, RAV4 ni za petroli, na wenye hizo nao sasa wanataka tenki la pili. Fundi yule yule, bati lile lile. Na hata kwenye dizeli, eksosi hupita karibu na sehemu liliponing'inizwa tenki, na mafuta yaliyopashwa na eksosi siyo tena mafuta ya nyuzi 25.

Morogoro haihitaji kufundishwa juu ya petroli. Tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipinduka karibu na Msamvu, watu wakakusanyika na madumu, moto ukalipuka, na zaidi ya watu 100 wakafariki kutokana nao. Lile lilikuwa lori na hapa tunazungumzia tenki la gari dogo. Sitayafanya mambo hayo mawili kuwa kitu kimoja, na sipendi msiba ule ugeuzwe fimbo ya kumpigia mtu kwenye mabishano. Ninachosema ni kwamba mji uliozika watu wale hauna udhuru wa kuchukulia mvuke wa petroli kama jambo la vitabuni. Bado nakuta tenki kuukuu lililonunuliwa kwenye magari chakavu likichomelewa bila kuoshwa wala kujazwa maji, eti kwa sababu "limekauka". Tenki lililokauka ndilo lenye mvuke. Lililojaa lina nafuu.

Nakubali kwamba upande wa pili una hoja, na mojawapo ni nzito. Mwaka 2023, Julai na Agosti, petroli iliadimika sehemu nyingi za nchi. Foleni zilikuwa ndefu, vijijini bei ikapanda kwa kificho, na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ikavifungia baadhi ya vituo kwa kuficha mafuta. Waliokuwa na matangi mawili waliwacheka wenzao. Sawa. Lakini angalia kilichokuwa kinatokea: mwenye tenki la lita 90 za ziada alichota kwenye pampu mafuta ya watu wengine wawili watatu na kuyaficha chini ya gari lake, kama vile vituo vilivyofungiwa vilivyoficha chini ya ardhi. Tofauti ni kiasi tu. Na uhaba wa wiki chache katika miaka kadhaa si sababu ya kubeba gunia la chuma siku zote zilizobaki.

Hoja ya pili ni ya barabara kukatika. Machi 2020 daraja la Kiyegeya kwenye njia ya Dodoma lilikwenda na maji, magari yakalala barabarani. Mvua za El Niño za 2023 kuingia 2024 nazo zilikata njia nyingi mkoani. Waliokwama pale walihitaji maji ya kunywa, chakula, blanketi, simu yenye chaji, na subira. Injini ilikuwa imezimwa. Sijui dizeli ya tenki la pili ingemvusha nani mto usio na daraja.

Bei? EWURA hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na bei hutofautiana kwa umbali kutoka bandarini, kwa hiyo wapo wanaojaza Dar es Salaam ili waokoe. Fanya tofauti iwe shilingi 50 kwa lita, ambayo ni ukarimu: kwa lita 90 umeokoa shilingi 4,500. Ukiondoa mafuta yaliyoteketea kwa kulibeba tenki lenyewe, hiyo ni soda na chapati za Chalinze.

Hoja nzito niliyoitaja ni ya madumu. Wanasema: ukikataa tenki, watu watabeba madumu ya plastiki ndani ya gari, pamoja na abiria na watoto, na hilo ni baya zaidi. Ni baya zaidi, kabisa. Dumu la petroli nyuma ya kiti, kifuniko kimefungwa kwa mfuko wa nailoni, ni kosa lisilo na utetezi. Dumu kwenye keria nalo hulifanya gari kuwa na kichwa kizito na kulikaribisha kupinduka. Ningelazimishwa kuchagua kati ya dumu na tenki lililofungwa vizuri, ningechagua tenki. Ila nani amenilazimisha? Hesabu ya Nyandira haikuacha nafasi ya dumu wala ya tenki. Anayebeba dumu kwenda Mgeta anabeba mazoea, au anabeba biashara, na huyo wa biashara hatatulizwa na tenki kwa kuwa anauza kwa kipimo cha dumu. Dawa yake ni vituo vidogo vya vijijini, ambavyo EWURA imelegeza masharti ya ujenzi wake, vifike Matombo na Mgeta kweli na viwe na mafuta masafi.

Usafi wenyewe una kisa chake. Mafuta yanayokaa hovyo huharibika. Tenki la pili la mtu anayezunguka mjini na kupanda mlimani mara mojamoja hukaa miezi likiwa na robo. Mchana wa Morogoro unalipasha, usiku wa Mgeta unalipoza, hewa ya ndani inaacha jasho kwenye bati, na maji yanashuka chini ya dizeli. Pale kwenye mpaka wa maji na mafuta huota utelezi wa vijidudu, na bati lisilopakwa kitu ndani linaanza kutu. Siku ukihamisha mafuta kwenda tenki kubwa, unahamisha na uchafu huo. Injini ya 1HZ ni mvumilivu, itakohoa na kukuomba filta. Injini za dizeli za siku hizi, zinazosukuma mafuta kwenye nozeli kwa shinikizo kubwa mno, hazikohoi. Zinakufa, na bei ya nozeli zake humfanya mtu auze gari. Hapo bado sijagusa wale wanaofunga swichi ya kuchagua tenki wakasahau kwamba dizeli isiyochomwa hurudi. Ukivuta tenki hili na marejeo yakaenda tenki lile, moja linakauka na jingine linafurika barabarani.

Na yanapofurika yanakwenda wapi? Hapa ndipo ningetaka hata mtu wa Dar es Salaam asikilize. Maji ya Mgeta, ya Mvuha na ya vijito vyote vya mashariki mwa Uluguru huingia Mto Ruvu, na Ruvu ndiyo inayolinywesha jiji kupitia mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini. Upande wa mji, Ngerengere hujaza bwawa la Mindu tunalokunywa sisi. Njia za mlimani huvuka vijito hivyo kwa madaraja madogo na kwa vivuko vya mawe, gari likiwa ndani ya maji hadi kwenye ekseli. Tenki lililoning'inia chini ya mkia, likapigwa na jiwe katikati ya kijito, halimwagi kwenye sakafu ya gereji. Watu hufua hapo, na chini kidogo huchota.

Wapo wanaolihitaji tenki la pili, na sina ugomvi nao. Anayeshuka Kisaki, akaingia Matambwe na kuzunguka siku kadhaa ndani ya Hifadhi ya Nyerere, ambayo tangu 2019 ndiyo hifadhi ya taifa kubwa kuliko zote nchini, huyo anahesabu mafuta kwa siku na wala si kwa kilomita. Wa doria, wa utafiti, wa vitalu vya uwindaji, wa Rungwa na Katavi: wafunge. Lakini wafunge kama wenye kiwanda walivyofunga, mbele ya ekseli ya nyuma au katikati ya chesesi, vikuta ndani, bomba la kupumulia lililopandishwa juu ya kina cha maji ya mto, marejeo yaliyofungwa pamoja na mvuto, springi za nyuma zilizobadilishwa, na bima iliyoambiwa. Fundi anayejua kazi atalijaza maji kwanza na kulilaza upande usiku mzima kabla hajalipa mafuta.

Wengine wote, pesa ya tenki itoshe tairi nne za matope za kweli, pedi na bomba mpya za breki, filta ya dizeli yenye kikombe cha kutenganisha maji, kamba ya kuvutia, sepetu na koleo. Huenda ikabaki na ya kumlipa dereva siku mbili za kujifunza kuteremka kwa gia badala ya kwa mguu.

Na waratibu wa miradi, mnaoandika karatasi za mahitaji mkiwa ofisini na ramani haijafunguliwa: kwenye mstari ule wa "matangi mawili", andikeni kwanza jina la kijiji cha mbali kuliko vyote na umbali wake kutoka Msamvu kwa kilomita. Kama mradi ni wa kabichi na karoti za Mgeta, futeni mstari, agizeni tairi.